Akiba Isiyoteketeza Asili: Historia Fupi ya Kumalizia Filamu kwa Fedha Kidogo

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Sisi walimu tumeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na mifano tuliyoitoa darasani ilikuwa ile ile ya siku zote: mahindi ghalani, shilingi kibindoni, kuni kabla ya masika. Siku tulipojaribu kutengeneza filamu ndipo tulipotambua kwamba upo ubahili unaojiita akiba, na kwamba ubahili huo waweza kumtia mtu katika hasara isiyolipika. Hasara hiyo ilitupata hapa Rugaaga, nasi tutaisimulia mahali pake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa kufuata historia, jinsi watengenezaji wa filamu wasio na fedha nyingi walivyopunguza gharama katika hatua ya mwisho ya kazi yao, hasa katika Afrika ya Mashariki. Hatua tunayoisema ni ile inayoanza pale kamera inapozimwa: kuchagua picha, kuzikata na kuziunga, kutia sauti na muziki, kusawazisha rangi, kuandika tafsiri chini ya picha, na hatimaye kutoa nakala za kuwaonyesha watu. Tutaiita hatua ya kumalizia. Ni hatua yenye taabu ya namna yake, kwa sababu huwakuta watu wakati mfuko umekwisha tundika. Wachezaji wamekwisha lishwa, magari yamekwisha kodiwa, na kila mmoja anauliza filamu itaonyeshwa lini. Hapo ndipo maamuzi ya haraka yanapofanywa, na si yote yaliyo mema.

Mahali petu

Rugaaga imo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo yahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa katika bara la Afrika. Waliokuja mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Baadaye walikuja watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Katika masoko ya Nakivale mtu husikia lugha nyingi kabla hajamaliza kununua fungu la nyanya. Lakini muuzaji na mnunuzi wasipoelewana, mara nyingi lugha wanayokimbilia ni Kiswahili. Katika nchi ambayo Katiba yake ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na ambayo Baraza lake la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, soko la Nakivale lilikuwa limetangulia kwa miaka mingi.

Vijana wa hapa hutengeneza filamu. Wana simu, wana kamera za kukodi, na wana visa vya kusimulia kuliko watu wengi. Wasichokuwa nacho ni mahali pa kumalizia. Kompyuta yenye nguvu na umeme wa kutegemewa mara nyingi hutafutwa Mbarara, mji uliopandishwa cheo kuwa jiji mwaka 2020, na huko kila saa hulipiwa. Kwa hiyo swali la akiba katika hatua ya kumalizia kwetu si swali la kitabuni.

Mfano wa Vugiri

Swali hilo si jipya katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, palikuwa na jaribio kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Liliongozwa na Major L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, kwa fedha zilizotolewa zaidi na shirika la Carnegie la Marekani. Filamu 35 zilitengenezwa. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwamo moja iliyowashawishi watu waweke fedha zao katika benki ya akiba ya posta badala ya kuzificha nyumbani. Nyingine ilihusu mafunzo ya kilimo ya Bukalasa, hapa Uganda.

Hatuna haja ya kulisifu jaribio lile kupita kiasi. Liliongozwa na wageni walioamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ila akielezwa polepole kama mtoto mchanga, nalo lilihubiri mengi ambayo utawala wa kikoloni ulitaka yahubiriwe. Lakini katika jambo la gharama lina somo.

Kwanza, walichagua mkanda mwembamba wa milimita 16 badala ya ule wa milimita 35 uliotumiwa na makampuni makubwa ya sinema. Picha zikipita kwa mwendo wa 24 kila sekunde, mkanda mnene humezwa futi 90 kwa dakika moja, na ule mwembamba futi 36 tu. Tofauti hiyo haikuishia kwenye kamera. Ilifuata mkanda katika dawa za kusafishia, katika kuchapa nakala, katika kusafirisha, hata katika mashine ya kuonyeshea iliyopakiwa kwenye lori.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, hawakuichapa sauti pembeni mwa mkanda. Waliirekodi katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Manufaa yake ni rahisi kuyaona. Picha ilichapwa mara moja, na ilipotakiwa lugha nyingine, ilitengenezwa sahani nyingine tu. Mkanda mmoja uliweza kusema Kiswahili leo, na kesho, katika nchi ya pili, ukasema lugha ya wenyeji wa huko. Gharama ya lugha ilitenganishwa na gharama ya picha.

Dosari zake nazo zilikuwa wazi. Sindano hula santuri, na kila onyesho hupunguza kitu katika sauti. Mkanda ukikatika na kuungwa, picha chache hupotea, na tangu hapo msemaji hubaki nyuma ya yale yanayoonekana. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa la busara, na tutalirudia.

Mwisho wa Vugiri ni wa kusikitisha. Serikali za makoloni zilikataa kuendelea kuigharimia kazi hiyo, na mwaka 1937 ikafungwa. Katika zile filamu 35, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu: moja ya mafunzo ya uganga wa mifugo, moja ya ugonjwa wa safura, na moja ya mashamba ya wakulima ya Kingolwira karibu na Morogoro. Filamu iliyowafundisha watu kuweka akiba haimo katika hizo tatu. Waliotengeneza walipunguza gharama kwa akili nyingi, lakini kazi yao haikupata mahali salama pa kukaa.

Sauti baadaye

Baadaye, mafundi katika nchi nyingine walitafuta njia ile ile ya kuitenga sauti na picha. Roberto Rossellini, alipotengeneza filamu yake juu ya mji wa Roma, iliyotolewa mwaka 1945, alipiga picha bila sauti, na maneno yakatiwa baadaye. Katika Afrika, Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza filamu fupi ya mwendesha gari la farasi mjini Dakar, iliyotoka mwaka 1963, nayo pia ilipigwa bila sauti, kisha sauti ya mwenye gari ikasikika kama mtu anayejisemea moyoni. Umaskini wa vyombo uligeuzwa kuwa namna ya kusimulia.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Robert Rodriguez, aliyetengeneza filamu yake ya kwanza ndefu nchini Mexico, iliyotoka mwaka 1992, kwa dola zipatazo 7,000. Alitumia mkanda wa milimita 16, lakini hakuchapa nakala ya mkanda kwa ajili ya kukatia, kama ilivyokuwa desturi. Alizihamishia picha kwenye video na kuhariri huko. Asili ilikaa salama. Aliyechezewa na mkasi alikuwa nakala.

Tumsihi msomaji alishike neno hili la mwisho. Katika zama za mkanda wa kusafishwa kwa dawa, fundi mwenye adabu ya kazi hakuugusa mkanda wa asili mpaka kila uamuzi umekwisha pita. Alikata nakala, akakosea, akarudia. Asili ilitolewa mara moja tu, mwishoni. Desturi hiyo ilikuwa ghali, lakini ndiyo iliyofanya filamu nyingi za kale ziweze kuchapwa upya leo.

Wakaliga

Kompyuta zilipoingia, desturi ile ililegea. Mtu hakuona tena mkanda mezani. Aliona majina katika kioo, na kufuta jina ni kazi ya kidole kimoja.

Hapa Uganda mfano mashuhuri ni wa Isaac Nabwana, mkazi wa Wakaliga mjini Kampala. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake ya Ramon, aliyoiita kwa kuunga majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Filamu yake iliyopata sifa hata ng'ambo, "Who Killed Captain Alex?", ni ya mwaka 2010, na yasemekana ilitumia fedha zisizofika dola 200. Alihariri kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutokana na vipande vya mashine kuukuu. Risasi, moshi na helikopta alivitia humo humo. Nakala ziliuzwa kwa mkono, mlango hadi mlango.

Lakini diski ilikuwa ndogo, na filamu nyingine ilikuwa inangoja. Ili kupata nafasi, ile ya zamani ilifutwa. Kilichobaki ni nakala iliyokwisha tiwa sauti ya VJ, yule msimulizi anayesema juu ya picha, akieleza, akitania na kuwasifu mashujaa. Ile isiyo na msimulizi haipo tena.

Yafaa tumtendee haki msimulizi huyo, kwani naye ni zao la akiba. Katika vibanda vya video vya Uganda, tangu miaka ya mwisho ya 1980, watu walitaka kuelewa filamu za kigeni, na hapakuwa na fedha za kuzitafsiri kwa utaratibu wa studio. Mtu mmoja na kipaza sauti walitosha. Tanzania nako Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipendwa kwa kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Huu ni ufundi wa haki, wenye mizizi katika masimulizi yetu, na sisi hatuudharau. Tunalosema ni hili: msimulizi anapotiwa juu ya nakala, watu wamepata filamu mbili. Anapotiwa juu ya asili ya pekee, wamepata moja na kupoteza moja.

Kosa letu wenyewe

Sasa tulisimulie letu. Tulikuwa walimu wachache na chama cha wanafunzi, na tuliazimia kutengeneza filamu ya dakika 20 juu ya watu waliofika Nakivale zamani. Miongoni mwa waliokubali kusema nasi alikuwamo bibi mmoja aliyeletwa hapa akiwa msichana katika miaka ya kwanza ya makazi. Alisema kwa Kinyarwanda, siku tatu, chini ya mwembe. Alitaja vijito walivyovuka, nyimbo walizozuiwa kuimba usiku, na majina ya watoto waliozikwa njiani. Kamera yetu ya kukodi ilikusanya kwake peke yake saa zipatazo sita.

Tulikwenda Mbarara kumalizia. Tulikodi kompyuta kwa siku, na siku ya nne fedha zilikuwa ukingoni. Kijana aliyekuwa akituhariria, Mkongomani mwenye subira kubwa, alitugeukia akasema, "Walimu, diski imejaa. Haiwezi kutoa filamu mpaka tupate nafasi. Tununue nyingine, ao tufute?"

Tulifanya hesabu. Diski mpya ilikuwa sawa na nauli yetu sote ya kurudi na chakula cha siku mbili. Dakika nne za bibi zilikuwa tayari ndani ya filamu, nasi tuliziona zinatosha. Tukasema, futa.

Hatukuishia hapo. Ili kuokoa gharama ya kuandika tafsiri chini ya picha, mmoja wetu alisoma maelezo ya Kiswahili juu ya sauti ya bibi, na vyote viwili, pamoja na ngoma, vikachanganywa kuwa mkondo mmoja. Filamu ikatoka. Ilionyeshwa shuleni, watu wakapiga makofi, bibi mwenyewe akacheka alipojiona.

Mwaka uliofuata alifariki. Wajukuu wake wawili walikuja kwetu baada ya matanga, wakaketi kwa heshima, na mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tumesikia nyinyi mna sauti ya nyanya yetu. Tunaomba tumsikie akitaja watoto wale, maana sisi hatukuyashika majina." Majina hayo hayakuwamo katika zile dakika nne. Na katika dakika nne zenyewe, kila anapofungua kinywa, anayesikika zaidi ni mwalimu.

Baadaye tulipiga hesabu ambayo tungaliipiga Mbarara. Kamera ile iliandika megabiti 24 kwa kila sekunde, yaani gigabaiti 10.8 hivi kwa saa. Saa sita za bibi zilikuwa gigabaiti 65. Flashi ndogo isiyozidi kidole, ya gigabaiti 128, ingalizichukua zote na kubakiza nafasi ya karibu nusu.

Mafunzo

Kutokana na historia hiyo na kosa hilo, twaona kwamba akiba katika hatua ya kumalizia yapaswa kupimwa kwa swali moja: je, jambo hili likifanywa leo, laweza kufanywa upya kesho? Linaloweza kurudiwa, libanwe gharama bila huruma. Lisiloweza kurudiwa, lilindwe kabla ya chakula cha wahariri.

Yako mengi yanayobanika. Uchaguzi wa picha waweza kufanywa kwa daftari na kalamu kabla ya kulipia saa hata moja ya kompyuta. Mtu huzitazama picha nyumbani, hata kwa simu, huandika dakika na sekunde za kila kipande anachokitaka, na huzipanga karatasini. Methali yasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulifika Mbarara bila daftari, na siku mbili kati ya nne tulizolipia zilipotea katika kutafuta.

Tena, kompyuta dhaifu haina haja ya kubeba picha nzito. Programu nyingi za kuhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, na mwishoni kuzirejea asili zenyewe. Hii ni desturi ile ya zamani, ya kukata nakala na kuihifadhi asili, iliyorudi katika vazi jipya. Programu zenyewe zaweza kupatikana bila malipo: Kdenlive na Audacity zilitolewa bure tangu mwanzo, na DaVinci Resolve ina toleo la bure tangu mwaka 2011. Muziki nao si lazima utafutwe mbali. Nakivale ina wapigaji wa makabila mengi, na maafikiano yaliyoandikwa na kutiwa saini pamoja na malipo ya haki ni nafuu kuliko kesi.

Katika sauti, tuurudie ule uamuzi wa Vugiri. Maneno ya wahusika yakae katika mkondo wake, msimulizi katika wake, muziki katika wake, na mikondo hiyo ihifadhiwe ikiwa mbalimbali hata baada ya filamu kutoka. Hapo msimulizi wa Kiswahili aweza kuondolewa na kuwekwa wa Kisomali au wa Kinyankore, bila kupiga picha upya. Ama tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, faili lake ni maandishi matupu, na kwa filamu fupi halifiki hata ukubwa wa picha moja ya simu. Sisi tulioona ni ghali tuliogopa saa chache za kuandika, nasi ni walimu wa lugha.

Lisilobanika ni asili. Mafundi wa kuhifadhi kumbukumbu wana kanuni fupi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa watu wa mfuko mdogo, hata nakala mbili katika nyumba mbili ni bora mara nyingi kuliko moja. Gharama yake iingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na betri na nauli, isingojwe mpaka siku ambayo kila mtu ana njaa. Hatusemi kila kitu kitunzwe. Picha zilizopigwa kwa bahati mbaya, kamera ikielekea udongoni, ziende zake. Lakini ushuhuda wa mtu mzima aliyekubali kusema hauna ruhusa ya kufutwa na watu wanaofukuzana na saa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mahali kama petu. Wengi wa jirani zetu wa Nakivale walifika hapa bila hati, bila picha za harusi, bila shahada za shule. Walichobeba ni yale wanayoyakumbuka. Tukiwaomba wayaseme mbele ya kamera, kisha tukayafuta kwa ajili ya nafasi, tumewapotezea kwa mara ya pili, na safari hii mikono ni yetu.

Wale wajukuu tuliwapa dakika nne tulizokuwa nazo. Chama cha wanafunzi sasa kina diski mbili, zilizonunuliwa kwa michango ya muhula mmoja: moja imo kabatini hapa Rugaaga, na ya pili inatunzwa na mwenzetu anayekaa Mbarara. Kila jina la faili limeandikwa katika daftari gumu, pamoja na jina la msemaji, lugha yake na tarehe. Mpaka sasa wamekwisha rekodiwa wazee kumi na mmoja. Twawasihi walimu wenzetu, popote walipo, wenye sauti na picha za wazee katika simu zao, wazitolee nakala ya pili kabla ya likizo.